Yah: Binti Yangu Kutembea Ulaya Bila Mzigo

Bi. Kazija Mbarak,
Chumba Na. 9, nyumba ya wageni nyuma ya Zhanxi,
Guangzhou, China.
27 Aprili, 1999.

Kwa Ndugu Jaffari,
Mlezi, Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Mashariki,
Utrecht, Uholanzi.

Ndugu Mlezi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko imeanza kukuachia. Mimi sijambo, ila nina malalamiko, na kwa kuwa nimesoma hadi darasa la saba tu, nitayapanga kwa namba ili nisipotee katikati na wewe ukapotea pamoja nami.

Mimi ni mama yake Kauthar Marijani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa maji, mrefu, mwenye miwani. Ni mfanyabiashara wa viatu na nguo. Duka letu liko Kariakoo, lakini miezi mingi ya mwaka niko huku Guangzhou nikinunua bidhaa na kuzipakia kwenye kontena. Nasema "letu" kwa mazoea. Mume wangu Marijani alifariki mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, na duka sasa ni langu peke yangu, ila ulimi bado haujapata habari.

Kauthar alipofika huko kwenu, nilipokea waraka wenye sahihi yako, ukisema: "Wazazi msiwe na wasiwasi, watoto wenu tutawalea kama vile wako nyumbani." Niliufurahia sana. Nilimsomea mwenzangu Agripina, mfanyabiashara wa Mwanza ninayepanga naye chumba, tena kwa sauti. Sasa nimegundua kwamba Umoja wako uliandaa matembezi ya Pasaka, kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, na katika mapumziko hayo binti yangu alipelekwa Antwerp, Brussels, Paris na Cologne, kisha akarudishwa. Kama hilo halitoshi, wiki iliyopita imenifikia barua yake pamoja na picha, akiomba ruhusa ya kwenda ziara nyingine ya Umoja mwezi wa saba, Vienna, Prague na Roma, badala ya kuja Guangzhou kunisaidia kazi kama tulivyopatana.

Ombi langu nalisema mapema ili usilitafute: lifute jina la Kauthar kwenye ziara ya mwezi wa saba. Sababu ni hizi zifuatazo.

1. Hakwenda kuchukua kitu chochote. Alinipigia simu Jumanne, siku moja baada ya kurudi. Simu yetu iko mapokezi, na kila anayengoja ufunguo anasikiliza. Nilimwuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: "Ulikwenda kuchukua nini?" Akasema, "Kutembea, Mama." Nikasema, "Kutembea kuchukua nini?" Akasema, "Kutazama tu." "Kutazama nini?" "Miji." Nikaigonga simu kwanza, nikidhani waya una kelele.

Ndugu Mlezi, hapa Zhanxi, mtaa wetu wa viatu na nguo za jumla karibu na stesheni ya treni, mtu hatazami tu. Ukikishika kitu ukakirudisha, mwenye duka, ambaye sisi wote tunamwita laoban, yaani bosi, anakuangalia kama umemtukania mama yake. Ukishika cha tatu anazima taa ya dukani. Sasa nataka kujua: katika miji minne binti yangu amewaudhi malaoban wangapi? Na siku nikimtuma huko kwa biashara ya kweli, si watamkumbuka sura?

2. Alirudi na begi lile lile, jepesi vile vile. Kwetu sisi mtu akirudi safari na begi jepesi, ama ameibiwa ama amefukuzwa nchini. Marehemu mume wangu alikuwa akivaa makoti matatu uwanja wa ndege ili mizani isiyaone. Mwaka mmoja alivaa na sampuli za buti. Na sampuli, kama hujui, wanakupa mguu mmoja mmoja, kwa hiyo kulia alivaa nyekundu na kushoto ya bluu, akatembea hivyo kutoka Guangzhou mpaka Dar es Salaam, akisalimia watu na kuulizia hali zao. Hiyo ndiyo safari. Nilimwuliza Kauthar, "Hata sampuli hukuleta?" Akasema, "Sampuli ya nini, Mama?" Nikasema, "Ya chochote kile!" Akafikiri kidogo, akajibu kwamba alileta ua. Ua lililoanguka chini ya mti huko Brussels, Ndugu Mlezi, amelibana ndani ya kitabu. Nikamwuliza kama yanauzwa kwa dazeni. Hakujua.

Antwerp, mji ambao hata sisi tunajua kuwa unauza almasi, amepiga picha ya stesheni.

3. Hakuchukua kadi. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote ya upande wa biashara. Sisi wa huku hatusomi maandishi ya Kichina. Ukiingia duka lolote, hata kama umeingia kukimbia mvua, kitu cha kwanza unaomba kadi ya duka, kwa sababu kesho utamwonyesha dereva wa teksi, naye atakurudisha pale pale mlangoni. Mtu asiyechukua kadi ni mtu asiyekusudia kurudi, na laoban anajua hivyo na anakuwekea moyoni.

Marijani alikuwa na bati la biskuti lililojaa kadi. Nyuma ya kila moja alichora kapicha kwa kalamu, maana kadi zote zinafanana: hapa kiatu, hapa kifungo, hapa mwanamke mwenye kidoti shavuni, hapa mzee anayelala juu ya kaunta. Hakuwa mchoraji. Kifungo chake na uso wa yule mzee vilikuwa kitu kimoja, na zaidi ya mara moja tulikwenda kununua vifungo tukaishia kumwamsha mzee wa watu. Lakini tulifika mahali.

Sasa Kauthar amepita miji minne na hana kadi hata ya mkahawa. Siku akitaka kurudi Paris atamwonyesha dereva nini? Nilipomwuliza, yule rafiki yake Mkenya aitwaye Ndinda, ambaye yuko naye kwenye kila picha, alidakia kwenye simu: "Mama Kauthar, usijali, Paris si inajulikana! Wewe sema tu, watakupeleka!" Huo ndio ujana. Kila mmoja anadhani pale alipopapenda patamngoja.

4. Walipotea makusudi. Haya si maneno yangu, ameyaandika kwa mkono wake: "Mchana wa Paris mimi na Ndinda tukaikunja ramani, tukapotea makusudi." Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa, kisha nikiwa nimesimama. Nikampa Agripina aisome, akacheka, akasema, "Mama Kauthar, ndiyo raha yenyewe hiyo!"

Raha! Mimi nilipotea Yide Lu mwaka wa kwanza nilipokuja. Ni barabara ya jumla ya midoli na vyakula vikavu, na Agripina anaijua vizuri maana ndiko anakonunua midoli yake. Kila uchochoro una mdoli yule yule na samaki mkavu yule yule. Niligeuka mara mbili tu, nikawa sijui nilikotoka. Nililia mbele ya gunia la uyoga, na mwenye uyoga akadhani nalia kwa ajili ya bei, akaipunguza. Nikazidi kulia, akaipunguza tena. Marijani alinipata kwa sababu alipanda juu ya boksi la midoli katikati ya njia, akavua kofia yake akawa anaitikisa juu na kuita, "Kazija! Kazija!", kama mtu anayenadi kitu. Wapita njia wakaanza kumwitikia, "Kazija! Kazija!", wengine wakiuliza Kazija anauzwa kiasi gani. Ndipo nikaiona kofia.

Kwa hiyo naomba Umoja unijibu kwa maandishi: mtu anayepotea makusudi, amemwandaa nani wa kupanda juu ya boksi?

5. Brussels walikula chipsi. Wamesimama, tena kwenye karatasi. Mtoto amezaliwa Kariakoo! Chipsi zilikuwa zikimngoja chini ya ngazi ya nyumba yetu tangu hajaota meno. Kama Ulaya ina jambo jipya la kumfundisha, basi lisiwe viazi.

6. Cologne alipanda mnara wa kanisa kubwa. Anasema ngazi zake hazikwishi, na alipofika juu aliona mto. Mto tunao hapa Guangzhou, mpana, unapita katikati ya mji, na haudai kupandiwa ngazi. Nilipomwambia Agripina maneno hayo akaniuliza, "Wewe umeshawahi kuuona?" Nikamjibu kwamba nimevuka daraja lake mara nyingi. Akasema, "Ukiwa macho?" Agripina ni mtu mwema lakini hajui mipaka. Ukweli ni kwamba mara nyingi nilikuwa nimesinzia juu ya marobota, lakini daraja nimelivuka.

7. Nalalamikia pia majira yenyewe. Kauthar anaandika: "Mama, huku sasa ni machipuko, miti imevaa maua, yanatuangukia mpaka kwenye mtandio." Nadhani watoto hawa hawajaelezwa machipuko ni kitu gani, na ni jukumu la Mlezi kuwaeleza. Machipuko ni wakati ambapo kuta zinatoka jasho. Sakafu inalowa na hakuna aliyemwaga maji. Shuka halikauki, mkate unaota nywele, na viatu vya ngozi vilivyolala vyeusi vinaamka na ukungu mweupe, kama vimepokea habari mbaya. Kazi ya machipuko ni kukaa na kitambaa kikavu na kufuta jozi moja baada ya nyingine. Hayo ndiyo machipuko tuliyoyajua mimi na baba yake kwa miaka yote ya Guangzhou, na sioni kwa nini binti yetu agawiwe ya aina nyingine.

Napendekeza Umoja uwaandikie wakuu wa chuo, kwa heshima zote, machipuko yasogezwe mbele mpaka mitihani iishe. Ikishindikana, kwa mwaka huu yafutwe.

8. Alicheka. Hapa naomba unisome polepole.

Jumatatu ile aliyokuwa Cologne, huku ilikuwa sikukuu yao ya kwenda kufagia makaburi. Nusu ya Zhanxi ilifungwa. Laoban Chen, mama ninayenunua kwake viatu vya kike, mjane mwenzangu, alitoka asubuhi na ufagio, machungwa na kuku mzima wa kuchemsha, akaenda kumtazama mumewe mlimani. Jioni alirudi amefurahi, uso umewiva kwa jua, kama mtu aliyetoka harusini. Akanigawia machungwa yaliyobaki. Kisha akaniuliza kwa mikono: na wako, yuko wapi? Nikanyoosha kidole upande niliodhani ndio wa Dar es Salaam. Kumbe kutoka pale dukani kwake, upande huo ndiko iliko stesheni ya treni. Akaitikia kwa kichwa, akatazama saa ya ukutani. Mpaka leo, nadhani, laoban Chen anaamini Marijani yuko njiani. Sijamsahihisha. Kwanza sina Kichina cha kutosha.

Sasa, saa zile nilizokuwa nimekaa juu ya robota na chungwa mkononi, binti yangu alikuwa anapigwa picha mbele ya kanisa la Cologne akicheka. Sisemi kutabasamu, nasema kucheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, mpaka jino la mwisho linaonekana. Hicho ni kicheko cha baba yake. Nakijua kuliko ninavyojua sauti yangu. Tangu tumzike sijakiona kwa mtu yeyote, na Kauthar mwenyewe alipopanda ndege kuja kwenu hakuwa nacho; mimi ndiye niliyemfungia mabegi, ningekiona. Kimefikaje Ujerumani? Sisi huku hata kiberiti hakivuki mpaka bila karatasi za forodha, na mali ya familia inajitokeza tu kwenye picha, mchana kweupe, mbele ya kanisa!

Naomba Umoja uchunguze ni nani aliyemchekesha, kwa maneno gani, na kwa idhini ya nani.

9. Amenihoji hadharani. Mwisho wa ile simu ya Jumanne aliniuliza, "Na wewe Mama, Guangzhou ni mji wa namna gani?" Nikasema, "Ni mji wa viatu." Akasema, "Na nini kingine?" Nikasema, "Xintang kuna jinzi nyingi sana." Akasema, "Xintang iko nje ya mji, Mama, mimi nimefika huko. Mjini kuna nini?" Mapokezi watu wote wakawa wananitazama, hata wasiojua Kiswahili.

Ndugu Mlezi, si haki mzazi kuulizwa swali la jiografia mbele za watu. Siwezi kusema hatukuwa na nia. Karibu kabisa na hapa kuna kilima chenye bustani, na juu yake, watu wanasema, kuna sanamu ya mbuzi watano ambao ni alama ya mji huu. Kila tulipopita chini yake na mikokoteni, Marijani alisema, "Safari ijayo tutapanda tukawaone hao mbuzi." Hatukupanda, na halikuwa kosa letu, maana kila mara kulikuwa na kontena linalokaribia kufungwa. Huo ndio utaratibu wa safari: kila safari inaachia inayofuata kitu cha kuona. Mtoto anayeuona mji wote katika safari hii hii anauvunja utaratibu, na anawafanya waliouheshimu waonekane wajinga.

10. Sasa nimefika mwezi wa saba.

Kazi yetu ni ya watu wawili. Mmoja anakaa mbele akipatana bei, mwingine anakaa ghalani akihesabu maboksi yanapoingia, kwa sababu ukigeuka kidogo tu, viatu vya watu wazima vinageuka kuwa vya watoto. Marijani alikuwa akihesabu kwa sauti, tena kwa mahadhi, na mimi huku mbele nikimsikia nilijua kila kitu ni sawa. Alipokosea nilimsikia akijitukana na kuanza upya. Mwaka jana Kauthar alishika nafasi yake kabla ya kuja kwenu. Yeye alihesabu kimya. Lakini alikuwepo, na saa sita tulikula wali pamoja, na kila siku alinitolea miiba ya samaki bila kuambiwa, kwa sababu ndivyo alivyomwona baba yake akifanya.

Sasa anataka kwenda Vienna. Nimeuliza Vienna kuna nini. Agripina anasema kuna muziki. Muziki upo hapa, kila duka la Zhanxi lina spika mlangoni. Prague kuna nini? Anasema kuna daraja. Daraja tumeshalizungumzia. Roma anasema kuna magofu. Kwa magofu hata Bagamoyo angefika, tena angerudi nyumbani jioni.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba nitakuwa peke yangu. Nasema kazi ni ya watu wawili.

Kwa hiyo, Ndugu Mlezi, naomba Umoja utekeleze haya:

(a) Jina la Kauthar Marijani lifutwe kwenye ziara ya mwezi wa saba, kama nilivyoomba mwanzo.

(b) Katika matembezi yoyote yatakayofuata, kila mwanafunzi abebe mzigo wa kutosha kumwumiza bega, hata kama ni wa mawe, ili asijisahau kwamba yuko safarini.

(c) Umoja uwaulize wahusika kwa nini miji ya Ulaya imejengwa karibu karibu namna ile. Huku kwetu, kutoka mji mmoja kwenda mwingine mtu analala kwenye treni, anaamka, anakula mayai ya kuchemsha, anapata nafasi ya kujuta. Huko mtoto anamaliza andazi moja ameshafika nchi nyingine. Miji hiyo isogezwe.

(d) Ikiwa (c) itachukua muda, basi Ulaya yote ifungwe mwezi wa saba kwa ukarabati. Magofu ya Roma peke yake yanaonyesha kwamba ukarabati huo umecheleweshwa mno. Ifunguliwe tena mwezi wa nane, Kauthar akiwa ameshafika Guangzhou na amezoea.

Natambua kuwa haya ni mengi kwa mtu mmoja ambaye naye ni mwanafunzi mwenye masomo yake. Lakini uliandika mwenyewe, "kama vile wako nyumbani," na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kupanda mnara bila sababu.

Nakuombea afya na subira. Nisalimie Ndinda, mwambie apunguze kudakia simu za watu. Nisalimie dereva wa basi aliyewarudisha salama, na yule mama wa bweni ambaye Kauthar anasema huwapa watoto blanketi la pili. Wasalimie wanafunzi wote wa Umoja, walionunua na wasionunua. Na yule aliyemchekesha binti yangu huko Cologne, uchunguzi ukikamilika na akapatikana, mpe salamu zake za peke yake. Agripina anakusalimu. Laoban Chen naye anasalimu, ingawa hajui namwandikia nani.

Ni mimi mzazi ninayengoja hatua zako,

Kazija Mbarak
(Mama Kauthar)

Nyongeza:

Nimeifungua tena bahasha niliyokuwa nimeshailamba, ndiyo maana ina mkunjo, uniwie radhi.

Leo alasiri, nikijiandaa kwenda posta, Kauthar amepiga simu. Hakunisalimu vizuri. Alisema, "Mama, nimefikiri. Nimeona si vizuri nikuache. Kesho nitamwambia Ndugu Jaffari alifute jina langu. Mwezi wa saba nakuja."

Yaani ombi langu lilikuwa limekubaliwa kabla sijanunua stempu. Nilichotakiwa kusema ni alhamdulillahi. Badala yake nikasikia mtu anapiga kelele pale mapokezi: "Huji! Nani kakuita? Nenda Vienna! Nenda huko, ukapande kila kinachopandika!" Nikageuka kumtafuta huyo mtu asiye na adabu. Alikuwa mimi. Agripina alishuka ngazi mbio na taulo kichwani akiuliza nani kafa. Nikamwambia leo hajafa mtu.

Kauthar alikuwa analia, au anacheka, waya ule hautofautishi. Akasema, "Na ghalani, Mama, nani atahesabu?" Nikasema nimeshapata mtu. "Mtu gani?" Nikasema, "Kijana mmoja wa Tanga, anaitwa Maulid, mwaminifu sana, anajua mpaka Kichina." Akasema, "Kweli, Mama?" Nikasema, "Mimi nimewahi kukudanganya?" Basi akakubali.

Kwa hiyo, Ndugu Mlezi, malalamiko yangu yote kumi yachanwe. Jina la Kauthar lisifutwe. Na kama ameshakuja kwako kulifuta, liandike tena, kwa maandishi makubwa. Siku ya safari akisita kupanda treni, apandishwe. Ulaya iachwe wazi, na miji ibaki pale pale ilipo, yaani kama inawezekana isogezwe karibu zaidi ili aone mingi. Nikimwona Guangzhou mwezi wa saba nitakuandikia malalamiko mapya, na safari hiyo sitakuwa mpole hivi.

Jambo la mwisho libaki kati yangu na wewe. Huyo Maulid wa Tanga hayupo. Kauthar akikuuliza, mwambie umesikia kuwa anafanya kazi vizuri.